Barney Clark: Siku 112 na Moyo wa Plastiki



Ndugu msomaji, tukisikia neno sira au wasifu, akili zetu huenda moja kwa moja kwa masahaba, maimamu na wanazuoni. Hilo ni jema. Lakini safari hii nakuletea maisha ya mtu ambaye hakuwa Mwislamu, hakuandika kitabu na hakuongoza nchi. Alikuwa daktari wa meno, mstaafu, na moyo wake ulikuwa umechoka. Jina lake Barney Clark. Mwaka 1982 alikuwa mwanadamu wa kwanza kuwekewa moyo wa mashine uliokusudiwa ubaki kifuani mwake mpaka mwisho wa maisha yake.

Nimemchagua kwa sababu maswali aliyoyaacha bado hayajajibiwa, na baadhi yake ni yetu sisi kuyajibu. Wengi wetu hapa chuoni tunasoma udaktari, uuguzi, uhandisi, sheria na uchumi. Tunaposikia habari ya mashine mpya huuliza kama inafanya kazi. Maisha ya Clark yanatufundisha kuuliza mengine mawili: mashine ikishafanya kazi, mgonjwa ataugua nini kwa sababu yake? Na nani atalipa? Mimi natokea Omugo, kule West Nile, na utaona mbele kwamba maswali haya mawili yamewahi kufika hata kwetu kijijini.

Maisha kabla ya ugonjwa

Clark alizaliwa tarehe 21 Januari 1921 katika mji wa Provo, jimbo la Utah, Marekani. Alitumikia jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwaka 1944 akamwoa Una Loy. Baada ya vita alisomea udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, akafanya kazi hiyo katika eneo hilo kwa miaka mingi. Walijaliwa watoto watatu. Kwa kila kipimo cha dunia alikuwa mtu aliyefanikiwa: ana kazi yenye heshima, ana nyumba, ana familia, na muda wa kucheza gofu.

Alikuwa pia mvutaji sigara wa miaka mingi. Naitaja si kwa kumsema maiti, bali kwa sababu mapafu yake yaliyoharibika yataingia katika kisa hiki mara kwa mara. Mashine inaweza kuchukua nafasi ya moyo, lakini inawekwa katika mwili uleule ambao mtu ameutunza au ameudhulumu kwa miaka sitini.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 moyo wake ulianza kudhoofika. Msuli ulikuwa umelegea na kutanuka bila sababu iliyojulikana. Moyo wa namna hiyo husukuma damu kidogo kuliko mwili unavyohitaji. Maji hujaa miguuni na kwenye mapafu, pumzi hukatika, na mtu hushindwa kulala chali. Dawa zilijaribiwa zikafika mwisho. Kufikia mwaka 1982 hata kutembea hatua chache kulikuwa mzigo kwake. Kupandikizwa moyo wa mtu mwingine hakukuwezekana, kwa kuwa wakati ule umri wa miaka 61 ulihesabiwa kuwa mkubwa mno kwa upasuaji huo.

Mashine na watu wake

Katika Chuo Kikuu cha Utah, mjini Salt Lake City, alikuwapo mzee mmoja Mholanzi, Willem Kolff. Huyu ndiye aliyetengeneza mashine ya kwanza ya kusafisha damu ya mgonjwa wa figo, wakati Uholanzi ilipokuwa chini ya utawala wa Wajerumani vitani. Baadaye alihamia Marekani, na mwaka 1957, pamoja na mwenzake Tetsuzo Akutsu, akamwekea mbwa moyo wa kutengenezwa. Mbwa yule aliishi dakika 90 hivi. Kolff hakukata tamaa. Alipofika Utah mwaka 1967 alikusanya wahandisi na madaktari vijana, na mmoja wao, Robert Jarvik, akaupa moyo wa plastiki jina lake: Jarvik-7.

Moyo huu ulikuwa na vyumba viwili vya plastiki, kimoja upande wa kulia na kimoja upande wa kushoto. Ndani ya kila chumba mlikuwa na ngozi laini iliyosukumwa na hewa. Hewa ilitoka nje ya mwili, katika mashine yenye uzito wa kilo 170 hivi, ikapita kwenye mipira miwili yenye urefu wa karibu mita mbili, ikaingia mwilini kupitia matundu mawili. Naomba msomaji uyakumbuke matundu hayo. Habari yote ya maambukizi inaanzia hapo.

Kabla ya binadamu, mashine hii ilijaribiwa kwa ndama na kondoo, na baadhi yao waliishi miezi kadhaa. Clark alipelekwa maabara akawaona wanyama hao wakiwa wameunganishwa na mipira yao. Hakukubali papo hapo. Alirudi nyumbani. Hali ilipozidi kuwa mbaya, mwishoni mwa Novemba 1982, akarudi Salt Lake City na kukubali. Fomu aliyotia saini ilikuwa na kurasa 11, na ilieleza hatari nyingi. Inajulikana kwamba hakuwa na matumaini makubwa ya kuishi muda mrefu. Alitaka angalau madaktari wajifunze kitu kwake kwa ajili ya watakaokuja.

Usiku wa tarehe 2 Desemba

Upasuaji ulipangwa asubuhi ya tarehe 2 Desemba. Moyo wake haukungoja. Jioni ya tarehe 1 mapigo yalianza kwenda ovyo, na daktari William DeVries, aliyekuwa peke yake mwenye kibali cha serikali cha kufanya upasuaji huo, akaamua kuanza usiku uleule huku theluji ikianguka nje. Kazi ilichukua zaidi ya saa saba. Alfajiri moyo wa Clark ulikuwa umeondolewa, na hewa kutoka kwenye mashine ilikuwa ikisukuma damu yake.

Dunia nzima ilishangilia. Waandishi wa habari walijaa hospitalini wakisubiri taarifa za kila siku. Ule weusi wa midomo ulikuwa umeondoka, na damu ilikuwa ikifika mwili mzima. Kwa maana ya uhandisi, kazi ilikuwa imefaulu.

Siku 112

Kilichofuata hakikuwa rahisi. Tarehe 4 Desemba alirudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu hewa ilikuwa ikivuja kutoka kwenye mapafu yake mabovu na kuingia chini ya ngozi. Tarehe 7 alipatwa na degedege, na baada ya hapo akili yake mara nyingi ilikuwa na ukungu. Tarehe 14 vali moja ndani ya moyo wa mashine ilivunjika. Ikabidi chumba kizima cha kushoto kibadilishwe. Hizo ni safari tatu za kisu ndani ya wiki mbili. Januari, mwezi aliotimiza miaka 62, alitokwa na damu nyingi puani, kwa sababu mgonjwa mwenye moyo wa plastiki lazima anywe dawa za kuzuia damu isigande. Figo zikalegea mara kadhaa.

Katikati ya hayo yote homa zilikuja na kuondoka. Mara nyingi madaktari hawakujua zinatoka wapi. Mtu mwenye mipira miwili kifuani akipata homa, huwezi kungoja, unampa antibayotiki. Clark alipewa duru baada ya duru.

Sasa sikiliza namna mambo yalivyokwenda. Antibayotiki haiui vijidudu vibaya peke yake. Huua pia vile vinavyoishi kwa amani ndani ya utumbo, na nafasi yao ikibaki wazi, vijidudu vikali huchukua. Siku ya 92 Clark alianza kuharisha na kutapika. Matapishi yakaingia kwenye mapafu, yakaleta nimonia, na maambukizi yakaenea katika damu. Figo zikafa, shinikizo la damu likaanguka. Tarehe 23 Machi 1983, saa nne na dakika mbili usiku, mashine ikazimwa baada ya mwili kumaliza. Siku 112 zilikuwa zimepita.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha jambo la kushangaza. Ule moyo wa plastiki ulikuwa mzima. Haukuwa na damu iliyoganda wala maambukizi. Mpaka dakika ya mwisho ulikuwa ukisukuma damu sawasawa. Utumbo ndio uliokuwa umeharibika vibaya. Kwa maneno mengine, pampu haikushindwa. Mtu ndiye aliyeshindwa kuishi na yote yaliyoandamana na pampu. Hilo ndilo somo kubwa la maisha yake, na ilichukua miaka mingi dunia kulielewa vizuri.

Waliomfuata, na hesabu ya fedha

Matibabu ya Clark yaligharimu zaidi ya dola 200,000 za wakati ule. DeVries alihamia Louisville, Kentucky, ambako kampuni ya hospitali iitwayo Humana iliahidi kugharamia mioyo 100 iwapo elimu ingekuwa inasonga mbele. Mgonjwa wa pili, William Schroeder, aliwekewa moyo wake tarehe 25 Novemba 1984. Aliishi siku 620, muda mrefu kuliko wote wa kundi lile, lakini alipatwa na kiharusi zaidi ya mara moja pamoja na maambukizi, akafariki Agosti 1986. Wengine wakafuata, wote wakafa. Mioyo 100 haikufika. Moyo wa plastiki ukabaki kuwa kivuko tu kwa mgonjwa anayesubiri moyo wa kupandikizwa, na mwaka 1990 serikali ya Marekani ikaifutia Jarvik-7 kibali.

Wahandisi wakageukia njia nyingine: badala ya kuuondoa moyo wote, waweke pampu ya kuusaidia upande wa kushoto. Mwaka 2001 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliowahusisha wagonjwa 129 wenye mioyo iliyofika mwisho, wasiofaa kupandikizwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya waliowekewa pampu walikuwa hai, dhidi ya asilimia 25 ya waliotumia dawa peke yake. Baada ya miaka miwili hesabu ikawa asilimia 23 kwa 8. Basi pampu ilikuwa imeongeza umri, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini katika kila vifo kumi vya wenye pampu, takriban vinne vililetwa na maambukizi yaliyoenea katika damu.

Miaka miwili baadaye watafiti walihesabu fedha za wagonjwa hao. Kulazwa mara ya kwanza tu kwa ajili ya kuwekewa pampu kuligharimu wastani wa dola 210,187 kwa mtu. Aliyetoka hospitali akiwa hai aligharimu wastani wa dola 159,271. Aliyefia hospitalini aligharimu dola 315,015. Soma tena tarakimu hizo mbili: waliokufa waligharimu karibu mara mbili ya waliopona. Walipotafuta kilichopandisha gharama, walikuta mambo matatu: maambukizi ya damu, maambukizi mahali pampu ilipokaa, na kuvuja damu baada ya upasuaji. Bei ya pampu yenyewe si mwisho wa hesabu. Vijidudu navyo vina bili yao.

Kwa nini maambukizi hayaishi?

Ngozi ni ukuta alioujenga Mola wetu kati ya mwili na dunia. Pampu inahitaji nguvu, na nguvu iko nje, kwa hiyo lazima pawe na tundu. Kwa Clark ilikuwa mipira ya hewa. Pampu za siku hizi ni ndogo, hukaa kifuani, na hutoa waya mmoja tu tumboni unaokwenda kwenye betri. Tundu ni dogo zaidi, lakini bado ni tundu. Kila waya unapovutwa kidogo, nyama inayouzunguka huchanika, na bakteria wa ngozini huteremka taratibu kuufuata.

Jambo la pili ni kwamba plastiki na chuma havina damu ndani yake. Bakteria wakifika juu yake hujitandika katika utando wa ute na kujificha humo. Askari wa mwili hawawafikii vizuri, dawa haipenyi sawasawa. Juu inaonekana kidonda kidogo chenye usaha. Chini kuna mji mzima. Mara nyingi dawa hutuliza tu, na ili kuumaliza ugonjwa ni lazima kifaa kitolewe. Lakini utakitoaje kifaa kinachomweka mtu hai? Ndiyo maana mgonjwa hurudi hospitali, akatoka, akarudi tena, na kila safari ina gharama yake.

Omugo ilivyolijua jambo hili

Usidhani hii ni habari ya Utah na Kentucky tu. Miaka ya 1990 malale yalisumbua sana West Nile, na kituo cha afya cha Omugo kilikuwa mahali ambapo madaktari wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka waliwatibu wagonjwa. Dawa ya kale, melarsoprol, ina arseniki ndani yake. Iliua yenyewe takriban mgonjwa mmoja katika kila ishirini, na katika eneo letu ilianza kushindwa kuwaponya wengi. Dawa bora zaidi, eflornithine, ilikuwepo, lakini utengenezaji wake ulisimamishwa kwa kuwa wagonjwa wake walikuwa maskini na hawakuwa na faida sokoni. Mwaka 2001 ndipo makubaliano yalipofikiwa ya kuitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani.

Hata ilipopatikana, haikuwa nyepesi. Mgonjwa alihitaji dripu 56, nne kila siku kwa siku 14, mchana na usiku. Mpira unakaa kwenye mshipa wiki mbili, na pale unapoingia ngozini, vijidudu navyo huingia. Maambukizi ya mahali hapo yalikuwa miongoni mwa madhara yaliyojulikana ya tiba hiyo. Ukiongeza wauguzi wa zamu ya usiku, maji safi, na makasha ya chupa za dripu yaliyosafirishwa mpaka kijijini, unapata hesabu ileile ya Salt Lake City kwa sura nyingine: tundu katika ngozi, na bili.

Kati ya mwaka 2001 na 2004, hapo hapo Omugo, wagonjwa 54 walishiriki katika utafiti uliolinganisha michanganyiko mitatu ya dawa. Ulisimamishwa mapema kwa sababu ya madhara mazito, hasa ya michanganyiko yenye melarsoprol. Mchanganyiko wa eflornithine na vidonge vya nifurtimox ulijitokeza kuwa salama zaidi. Tafiti nyingine zikathibitisha, na mwaka 2009 ukaingia katika orodha ya dawa muhimu za dunia. Dripu 56 zikawa 14. Baadaye, mwaka 2018, ikaidhinishwa fexinidazole, ambayo ni vidonge vitupu, bila sindano. Mwaka 2022 Uganda ikathibitishwa kuwa malale ya aina hii si tatizo tena la afya ya umma.

Tazama njia iliyofuatwa. Watu hawakuishia kutafuta dawa yenye nguvu. Walitafuta tiba yenye matundu machache, ambayo kituo cha kijijini kinaweza kuibeba. Wagonjwa wa Omugo, kama Clark, walitoa miili yao ili wengine wapone, na majina yao hayapo katika gazeti lolote. Tuwaombee waliokuwa ndugu zetu katika imani, na tuwashukuru wote.

Maswali ya fiqhi aliyotuachia

La kwanza ni ufunguo. Inasimuliwa kwamba Clark alipewa ufunguo wa kuizimia mashine ikiwa maisha yangekuwa mazito kupita kiasi. Hakuutumia. Kwa Mwislamu, nafsi ni amana, na kujiua ni haramu; mgonjwa hawezi kukabidhiwa mauti yake mkononi kama mali yake. Lakini kukataa tangu mwanzo tiba ngumu isiyo na uhakika ni jambo jingine kabisa, na wanazuoni wengi wanaliruhusu. Tofauti ya hayo mawili inatakiwa ielezwe kwa mgonjwa kabla ya kisu, si baada yake.

La pili ni mauti yenyewe. Mtu anakufa lini ikiwa moyo wake ni mashine isiyojua kufa? Swali hilo halikuwa la kinadharia usiku wa tarehe 23 Machi. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1986, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Amman, Jordan. Likaamua kwamba ubongo ukisita kabisa kufanya kazi, na madaktari bingwa wakahukumu kuwa hautarudi, inajuzu kuondoa mashine za kuendeshea uhai, hata kama kiungo kingine bado kinatembea kwa msaada wa mashine. Wapo wanazuoni wenye rai tofauti, na mjadala unaendelea. Mwanafunzi wa udaktari aujue kabla hajasimama mbele ya familia inayolia.

La tatu ni ibada ya kila siku. Mwenye waya tumboni hatakiwi kuogelea wala kulowesha kidonda, na bandeji haifunguliwi ovyo. Wengine wataona shida ya josho na udhu. Fiqhi yetu inalo jibu katika mlango wa jabira: kupaka maji juu ya bandeji, na kutayamamu panapohitajika. Muuguzi Mwislamu anayelijua hilo anaweza kuzuia maambukizi na kumtuliza mgonjwa kwa wakati mmoja.

La nne ni mali, na hili ndilo zito zaidi. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa malengo makuu ya sharia. Kuhifadhi mali nako ni miongoni mwake. Je, fedha za pampu moja tuzitumie kwa mzee mmoja au kwa watoto elfu? Sisemi mzee hana haki. Nasema anayeamua lazima ajue gharama yote, pamoja na ya maambukizi, na si bei iliyoandikwa kwenye sanduku.

Mfano tunao karibu. Kaskazini mwa Uganda watoto wengi huharibika vali za moyo kutokana na koo lisilotibiwa. Utafiti uliofanyika huko kati ya mwaka 2018 na 2020 uliwapima watoto zaidi ya laki moja, kisha watoto 818 wenye dalili za mwanzo wakagawanywa: nusu wapewe sindano ya penisilini kila mwezi, nusu wasipewe. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulizidi kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa sindano, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Mtoto aliyehifadhiwa hivyo huenda asihitaji vali wala pampu maisha yake yote.

Tufanye nini?

Katika umma wetu aliishi tabibu aitwaye Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288. Huyu ndiye aliyeeleza kabla ya wengine kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, kisha ikafika upande wa kushoto. Bila kuijua njia hiyo, Jarvik-7 isingeweza hata kuchorwa. Alikuwa pia faqihi wa madhehebu ya Shafii. Alipokaribia kufa aliiachia hospitali ya Mansuri nyumba yake na maktaba yake. Hospitali hiyo iliendeshwa kwa wakfu na ilipokea maskini bila malipo. Mtu mmoja aliifahamu kazi ya moyo, na papo hapo akafikiria nani atalipa.

Clark naye, kwa njia yake, alitoa alichokuwa nacho, yaani siku zake za mwisho. Faida yake inaonekana leo kwa wagonjwa wanaotembea na pampu ndogo na kurudi makwao. Lakini pampu hizo bado zinapatikana kwa wachache, zinahitaji umeme usiokatika, kidonda kinachosafishwa kila mara, na hospitali iliyo karibu. Kwa miaka mingi West Nile haikuunganishwa hata na gridi ya umeme ya taifa.

Basi anayesoma uhandisi kati yetu afikirie pampu isiyo na tundu. Anayesoma udaktari na uuguzi aanze na kunawa mikono na koo la mtoto. Anayesoma uchumi na sheria afufue wakfu wa matibabu katika misikiti yetu, hata kama utaanza na dawa za sindano za watoto kumi. Kila mmoja ataulizwa kuhusu elimu yake aliifanyia nini.

Wabillahi tawfiq.